Kambale Mwenye Magamba

Kila asubuhi Capitoline alimsaidia mama yake, Inamahoro, kupasua samaki ufukweni mwa ziwa, Uvira, kisha akanawa mikono kwa ndimu na kukimbilia shule. Muda wote huo midomo haikutulia: alikuwa akikariri daftari la biolojia la kaka yake. Mwaka ule wa 1966 shule ilikuwa imefunguliwa upya baada ya vita, na vitabu vyote vilikuwa vimeungua. Darasa la sita lilinakili daftari hilo moja. Atakayefaulu mtihani wa mwisho ataenda Bukavu kusomea uuguzi. Atakayeshindwa, basi tena. Capitoline aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote.

Wiki tatu kabla ya mtihani, Mwalimu Révérien aliweka kambale mezani. "Choreni mnachokiona."

Capitoline hakumtazama samaki huyo hata mara moja. Alichora upesi samaki wa daftarini, magamba na yote. Mwalimu aliinua karatasi yake.

"Mama yako anauza samaki, sivyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umewahi kumpaa kambale magamba?"

Lo! Darasa zima liliangua kicheko. Kambale ana ngozi tupu, hana hata gamba moja! Capitoline alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sikumwangalia, Mwalimu. Nilikariri tu."

"Vizuri umesema kweli. Sasa nenda ukaangalie."

Mama yake aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akatoa machozi. "Weye mtoto! Kisu iko mukononi kila siku, macho iko wapi?"

Tangu siku ile walipasua pamoja polepole. Mama alimwonyesha ini, moyo, na nyongo ambayo ikipasuka samaki mzima huwa mchungu. Capitoline alichora kila kitu kwa mkaa juu ya ubao.

Siku ya mtihani inspekta wa shule alimpa mgebuka, samaki mwembamba wa ziwani, ampasue na kumchora. Alipompasua, tumbo lilikuwa limejaa mayai. Daftarini hamkuwa na mayai! Aliyatazama tena vizuri. Kisha akayachora, kama alivyoyaona.

Matokeo yaliposomwa, jina lake lilikuwa la pili kati ya waliofaulu: angeenda Bukavu. Alishusha pumzi, akalia kwa furaha, na mama yake akapiga vigelegele hadi barabarani. Jioni walimpelekea Mwalimu kambale mnono.

"Huyu hana magamba, Mwalimu," alisema Capitoline. "Nimehakikisha."

Mwalimu alicheka. "Daftari ni msaada, mwanangu, lakini macho ni yako. Vitabu vyetu viliungua. Ziwa halikuungua."