Firigisi Iliyotoweka Wakati wa Maombi

Kila Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye majani ya migomba, Kaari alipangusa meza za hoteli ya wazazi wake pale sokoni Mikinduri. Alijaza chumvi kwenye vikopo, akapanga vijiko, akatia maji kwenye birika la kunawia. Wafanyabiashara wa miraa waliingia wa kwanza, wakanywa chai yao haraka haraka na kwenda zao. Hakukuwa na jambo la ajabu katika kazi hiyo.

Lakini Jumamosi hii Kaari alipangusa meza ya kona mara mbili. Kabichi za klabu yao ya kilimo shuleni, 4K, zilikuwa zimeshinda katika maonyesho ya kilimo, na baba yake, Mzee Salesio, alikuwa ameahidi kwamba wanne waliozipanda watachinjiwa jogoo.

Mchana wageni wakafika. Kirimi, mwenyekiti wa klabu, aliingia amebenua kifua kama chifu. Nyuma yake alikuja Naftaly, mtoto wa mzee wa kanisa, ambaye shuleni aliombea uji hadi ukapoa. Wa mwisho alikuwa Njoka. Yeye alikuwa ametoka Kiambere muhula huo kuja kuishi kwa shangazi yake. Alikuwa mpole, na ndiye aliyemwagilia kabichi maji jioni ambazo wenzake walisahau. Alisimama mlangoni hadi Kaari akamshika mkono wa shati.

"Ingia bwana! Hoteli ni yetu."

Mama Kaari akaleta mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, chapati, na bakuli kubwa la kuku. Juu kabisa ya nyama ilikaa firigisi, inang'aa kwa mchuzi. Kaari akashangaa. Nyumbani kwao firigisi ilikuwa ya baba, na hakuna mtoto aliyethubutu hata kuikodolea macho.

"Leo baba amewaachia," mama akasema. "Ni ya mwenyekiti."

"Mmesikia?" Kirimi akajigamba. "Wengine mtatafuna shingo."

"Shingo pia ni nyama," Naftaly akamjibu, na wote wakacheka, hata Njoka.

"Naftaly, tuombee," mama akasema, akasimama kando ya meza na kufumba macho.

Naftaly akaanza. Alishukuru kwa mvua, akashukuru kwa kabichi, akawaombea walimu mmoja mmoja. Kaari aliona harufu ya kuku inamtesa. Akafungua jicho moja, aone tu kama mvuke ulikuwa bado unatoka kwenye bakuli.

Alichokiona kilimkata pumzi. Macho ya Naftaly yalikuwa wazi! Mdomo wake ulikuwa ukiwaombea wagonjwa walio hospitalini, huku mkono wake ukinyoosha vidole viwili hadi kwenye bakuli. Firigisi ikainuka, ikavuka meza, ikazama katika mfuko wa sweta yake.

"...na mayatima, na wajane. Amina."

"Amina," wote wakaitikia. Kaari aliitikia wa mwisho.

"Woi! Firigisi yangu!" Kirimi akapiga ukelele. Akachungulia chini ya meza, akainua chapati moja moja. Kisha macho yake yakatua kwa Njoka. "Ni wewe uliyeketi karibu na bakuli."

"Mimi? Sijagusa kitu."

Mama Kaari alishika kichwa. "Katika hoteli yangu? Watu wakiwa wanaomba? Njoka, hebu geuza mifuko yako nje."

Njoka akasimama polepole. Akaingiza mikono katika mifuko ya kaptura, na vidole vyake vikatokea upande wa pili. Mifuko yote miwili ilikuwa imetoboka. Isingeweza kushika hata punje ya mahindi. Mteja mmoja aliyekuwa akinywa chai meza ya pili akashusha kikombe, akageuka kutazama.

"Basi ameimeza!" Kirimi akasema.

"Asante kwa chakula, Mama Kaari," Njoka akasema, ingawa hakuwa amekionja. Akaanza kwenda mlangoni.

Kaari alijua kwamba Njoka akivuka mlango ule, Jumatatu shule nzima itamwita mwizi, na jina hilo halitamtoka. Lakini alijua pia sheria ya mama yake: anayefungua macho wakati wa maombi huondoka mezani na njaa yake. Na nani angemwamini? Alimtazama Naftaly, na Naftaly akatazama dari.

"Mama, si Njoka!" maneno yakamtoka. "Ni Naftaly. Nilimwona."

Kirimi akaangua kicheko. "Naftaly? Si ndiye alikuwa anaomba!"

"Ulinionaje," Naftaly akauliza haraka, "na wewe ulikuwa umefumba macho?"

Mama Kaari akamgeukia binti yake. "Mjibu, Kaari."

Kaari aliona uso wake unawaka moto. "Sikufumba, Mama. Nilifungua jicho. Niondoe mezani mimi, lakini Njoka asiende."

Doa la mchuzi lilikuwa linapanuka kwenye sweta ya Naftaly, na sasa kila mtu aliliona. Naye akaingiza mkono mfukoni, akaitoa firigisi, imejaa nyuzi za sufu na kipande cha penseli kimenata juu yake.

"Nilikuwa natania tu," akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilitaka kuirudisha baada ya Amina, nimwone Kirimi anavyolia. Halafu mkaanza kusema Njoka, Njoka... nikaogopa."

Kirimi alibaki mdomo wazi. Lakini aliyewashangaza zaidi alikuwa Mama Kaari. Alimfuata Njoka mlangoni, akainama hadi nyuso zao zikawa sawa.

"Njoka, mwanangu, nisamehe. Mlikuwa wanne mezani, nami nikakagua mifuko yako peke yako kwa sababu wewe ni mgeni. Ningepaswa kuanza na mtoto wangu."

Kaari hakuwa amewahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. Njoka alitazama barabara, akatazama meza. Naftaly akaja kumwomba radhi, na Kirimi akamfuata, kifua chake kimeshuka. Hatimaye Njoka akarudi, akavuta kiti chake.

Mama akaanza kuwapakulia, akianza na Njoka.

"Sikilizeni," akasema. "Mzaha wa Naftaly uliacha kuwa mzaha pale mwenzake alipogeuza mifuko nje na Naftaly akanyamaza. Nawe Kaari ulinyamaza, mpaka Njoka akafika mlangoni. Mtu akisingiziwa, kila anayejua ukweli na kufunga mdomo anamsingizia pamoja na wengine. Kwa hiyo semeni ukweli mapema, hata kama utawaletea adhabu."

Akaweka chapati mbele ya Kaari, kisha mbele ya Naftaly.

"Sasa kuleni. Mkishiba, nyinyi wawili mtanifuata jikoni. Leo sufuria ni nyingi, na mkiziosha mtafumbua macho yote."