Gari Lililosuguliwa kwa Mswaki

Gereji ilikuwa tupu. Kilichobaki sakafuni ni vipande vinne vya zulia.

Inspekta Yasin Bajaber alichuchumaa akavitazama. Vilikaa pale pale ambapo matairi manne yangekuwa. Gari lenyewe, Land Cruiser jeupe lenye hema juu ya paa, matangi mawili ya mafuta na friji nyuma ya kiti, lilitoweka Ijumaa hiyo ya Machi 2014, saa sita na nusu mchana, mtaa mzima wa Al-Safa, jijini Jeddah, ukiwa msikitini.

"Mazulia ya nini?" aliuliza.

"Australia hawataki hata chembe ya udongo wa nchi nyingine," alijibu mwenye gari. "Dereva wangu amelisugua siku tatu kwa mswaki. Jumapili lilikuwa lipakiwe melini."

Jina lake Talal, mhandisi mstaafu wa miaka sitini na saba. Kwa miaka tisa alikuwa akipanga kuizunguka Australia yote kwa gari, akilala hemani: kuanzia Perth hadi Broome, Darwin, kisha kushuka katikati ya jangwa, miezi saba mizima. Gari lilitengenezwa kwenye karakana moja ya Sulimaniyah, jijini Riyadh. Wiki iliyopita alichinja kondoo wanne, akawaaga ndugu na marafiki.

Sasa dereva wake alikuwa mahabusu. Askari wa doria walikuta ufunguo wa akiba chumbani kwake. Hilo liliwatosha.

Halikumtosha Yasin. Nje ya lango aliona mikwaruzo miwili sambamba kwenye lami, mipya, umbali wa mita moja na nusu hivi kati yake. Aliipima, akaipiga picha, akaenda kituoni.

"Jina?" aliuliza kwa Kiswahili.

Mtu aliyekaa mbele yake aliinua kichwa kama aliyemwagiwa maji baridi.

"Onesmus Mutiso, afande. Kumbe unajua Kiswahili?"

"Mama yangu ni wa Lamu. Mimi nimezaliwa hapa Jeddah. Saa sita na nusu ulikuwa wapi?"

"Bandarini. Bosi alinituma na gari dogo, nipeleke karatasi."

"Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Ukampata nani?"

"Mafi, hakuna mtu, afande. Ofisi zote zimefungwa. Nikampigia bosi, hakushika. Kurudi, napata polisi mlangoni."

Yasin aliandika. Mzee aliyeishi Jeddah maisha yake yote hakujua kuwa ofisi hufungwa Ijumaa?

"Ufunguo ulifanya nini chumbani kwako?"

"Hilo gari naliendesha mimi. Ungekaa wapi?"

"Nimesikia mzee huyu huvuka jangwa peke yake."

"Zamani. Safari hii tulipotoka Riyadh, alishika usukani hadi petroli stesheni ya kwanza. Hapo akanipa, akasema amechoka. Zaidi ya kilomita mia tisa, hakuuomba tena."

"Hamjagombana?"

"Hajawahi kunitukana hata siku moja." Onesmus alikunja vidole vyake. "Ndiyo maana sielewi kwa nini hajakuja kusema kitu. Afande, kandarasi yangu inaisha tarehe ishirini. Dada yangu Mourine anaolewa Machakos mwezi ujao. Baba alishafariki, mimi ndiye wa kusimama mahali pake. Nikishtakiwa hapa, halas. Ataozwa kama mtoto asiye na mtu."

Yasin alifunga daftari bila kumwahidi chochote. Alikuwa na miaka kumi na minne kazini, na aliwahi kuona wasio na hatia wakikaa ndani kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na haraka.

Jumamosi asubuhi alirudi Al-Safa. Jikoni alimkuta Rosebellah, mama wa makamo kutoka Vihiga, akichambua mchele. Alikuwa mfanyakazi wa nyumba hiyo mwaka wa tatu.

"Dada, jana ulikuwa wapi wakati wa sala?"

"Hapa hapa. Madam alikuwa ametoka na wajukuu."

"Ulisikia gari likiwashwa?"

"La. Nilisikia lori likirudi nyuma. Lile pii-pii-pii. Halafu minyororo."

"Mbona hukusema?"

"Kwani nani aliniuliza?"

Yasin alivuta kigoda akakaa.

"Sasa nakuuliza mimi. Baba yukoje siku hizi?"

Rosebellah alitazama mlangoni kwanza, akashusha sauti.

"Amebadilika. Anagonga mabega kwenye milango. Amenikataza kuhamisha hata kiti. Juzi mjukuu alikuwa amesimama kando yake, baba akamwangusha, kisha akamkaripia ati kwa nini amejificha. Na mtoto hakuwa amejificha."

Duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa na kamera juu ya friza. Mwenye duka aliirudisha picha nyuma. Saa sita na dakika thelathini na nane, lori bapa la kubebea magari lilisimama langoni likatoa ngazi zake mbili za chuma. Land Cruiser lilivutwa juu kwa waya, taratibu. Mlangoni mwa lori kulikuwa na namba ya simu ya Riyadh.

Yasin alitabasamu kwa mara ya kwanza. Mwizi gani anakodi lori mchana kweupe, asihitaji ufunguo, na asimame hata kuvisawazisha vipande vya zulia?

Jumapili alipanda ndege ya alfajiri. Namba ile ilimfikisha kwenye yadi moja ya Al-Shumaisi, nyuma ya safu ya mabweni ya vibarua. Mlinzi aliyefungua geti alikuwa na lafudhi ya Kisii.

"Naitwa Norman. Hilo jeupe? Liko pale, limefunikwa turubai. Liliingia jana asubuhi."

"Nani amelileta?"

"Dereva wa lori tu. Lakini mwenyewe alipiga simu. Mzee, sauti ya upole. Akasema lisiguswe, lisioshwe, na mtu asiulize. Amelipia nafasi mwaka mzima."

Yasin aliinua turubai. Matairi yalikuwa safi kama ya dukani. Mita ya kilomita ililingana na ile iliyoandikwa kwenye karatasi za bandari. Ndani, kwenye kiti cha mbele, kulikuwa na ramani ya Australia, barabara zake zimechorwa upya kwa kalamu nene nyeusi, kila mstari mpana kama kidole. Chini yake, karatasi ya daktari wa macho. Aliisoma, akairudisha mahali pake polepole.

Alasiri hiyo alikuwa sebuleni kwa Mzee Talal. Rosebellah alileta kahawa. Yasin alichukua kikombe kimoja, akakiweka mwenyewe kwenye meza ndogo, kushoto kabisa kwa mzee, karibu kuligusa goti lake. Wakakaa.

"Kahawa yako inapoa, ami," alisema hatimaye.

"Kahawa ipi?"

Mzee aligeuza kichwa chote, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, hadi alipokiona kikombe. Uso wake ukalegea.

"Umelipata gari," alisema.

"Nimelipata. Na karatasi ya daktari."

"Presha ya macho." Mzee Talal aliongea akiangalia mikono yake. "Yameanza kufa pembeni, yanakuja katikati. Kilichokufa hakirudi. Leseni ilikataliwa kufanywa upya mwezi uliopita. Nilificha. Kondoo walishachinjwa, Yasin. Ndugu zangu walishaniombea dua ya safari."

"Ungewaambia."

"Gari likiibwa, watu hukupa pole, wakaenda zao. Macho yakipotea, wanakushika mkono, wanakukatia nyama. Sikuweza."

"Kwa hiyo ulikodi lori, ukamtuma dereva bandarini siku ambayo hakuna mtu."

"Ili asiwepo! Ili asishukiwe! Nilidhani askari wataandika, watakwenda. Walipomfunga pingu..." Alikisogeza kikombe kando. "Kila saa nilisema, saa ijayo nitakwenda kusema. Siku mbili. Nimejenga matangi ya maji ya miji mitatu, sijawahi kuwa mwoga. Lakini nimekuwa mwoga kwa gharama ya mtu mwingine."

"Taarifa ya uongo ni kosa, ami. Faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka, nawe utajibu."

"Nitajibu. Nipe kalamu."

Aliandika maelezo yake mwenyewe, mistari ikipanda na kushuka, akatia saini.

Kabla ya magharibi Onesmus aliletwa, mshipi wake ukiwa bado mkononi. Mzee Talal alisimama mbele ya mkewe, mbele ya Rosebellah, mbele ya askari wawili, akaungama tena yote, bila kupunguza neno. Kisha akasema, "Nimekudhulumu. Nisamehe ukiweza."

Onesmus aliuzungusha mshipi mkononi.

"Siku mbili, bosi. Nilikuwa nakungoja."

"Najua."

"Naomba pasipoti yangu."

Mzee alitoka, bega likagonga fremu ya mlango, akarudi nayo, akamwekea kiganjani.

"Nenda kwa dada yako. Si lazima urudi. Barua nzuri nitakuandikia, popote utakapotaka kazi."

Onesmus alifungua pasipoti, akafunua kurasa moja moja kama anayehakikisha zipo zote. Yasin alidhani atageuka aondoke. Badala yake alimtazama mzee, usoni, pale pale ambapo macho yale yangeweza kumwona.

"Unaona mbele bado?"

"Mbele, ndiyo. Daktari anasema kwa dawa, pengine miaka."

"Basi si unaweza kuiona Australia ukikaa kiti cha abiria?"

Mzee Talal alipapasa kiti nyuma yake, akakaa.

"Harusi kwanza," alisema Onesmus. "Pasipoti inakaa kwangu. Viza unaniombea kwa majina yangu yote. Na wale rafiki zako uwaambie mwenyewe nani anaendesha."

"Nitawaambia," alisema mzee kwa shida. "Meli nyingine ni baada ya wiki sita."

"Huko wanaendesha upande gani wa barabara?"

"Kushoto."

"Kama kwetu Kenya!" Onesmus alicheka, akaanza kuvaa mshipi wake. "Miaka miwili mmenitesa na huu upande wenu wa kulia. Sasa nitaendesha vizuri."