Bomba Chini ya Kitanda cha Koko

Nyumba ya Nadège ni ya zamani, na sakafu ya ghorofani ni ya mbao. Kila asubuhi, akifunga robine ya maji ya huko juu, sauti hutoka chini ya sakafu: ko, ko, ko.

"Sawa, René, minakusikia," hujibu Koko Émilie, mama mkwe wake.

René, mume wa Koko, alifariki miaka sita iliyopita. Nadège hakuwahi kumbishia bibi huyo.

Siku moja dari ya sebule ikaanza kuvuja, mahali palipo chini ya kitanda cha Koko kilichoko ghorofani. Nadège akaingiwa na hofu. Boriti zikioza, Koko ataanguka pamoja na kitanda chake.

"Koko, lala kwanza mu chumba yetu."

"Na René, nani atamujibu?" Koko akagoma.

Nadège akamwita Ya Marie-Jeanne, dada ambaye ni fundi wa maji. Fundi alifunga maji yote kwanza, wakasogeza kitanda cha Koko, kisha akang'oa mbao za sakafu. Bomba la shaba lilikuwa likining'inia kati ya boriti. Mahali pamoja lilibanwa kwa misumari iliyokunjwa, yenye kutu, na hapo ndipo lilipotoboka.

"Nani alipiga hii misumari?"

Faustin, mume wa Nadège, akakuna kichwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. "Ni mimi. Nilitaka kelele iishe."

"Papa Faustin, chuma ni nguvu kuliko shaba. Kila mara tiyo, hii bomba, inatikisika, musumari inaikwaruza polepole mpaka inatoboka. Na penye haikufungwa, ukifunga robine, tiyo inaruka, inapiga mbao. Donc basi ni ile ko, ko, ko."

Uso wa Koko ulisawijika: kumbe hakuwa René. Nadège alimwonea huruma sana.

"Lakini angalieni hapa," fundi akasema.

Kwenye boriti ya mwisho palikuwa na kishikio kimoja cha shaba. Chini yake kulikuwa na kipande cha mpira mwekundu.

"Huyu alijua kazi. Kolye ya shaba, mpira chini, na hakukaza sana. Ilibaki kufunga vile kila hatua moja."

Koko akainama, akaugusa mpira. "Ni ya baiskeli ya René. Alisema atamaliza wakati atapona."



"Basi tumalize," akasema Nadège.

Fundi alikata penye tundu, akaunga kipande kipya. Faustin alikata mpira wa baiskeli, wakafunga vishikio vya shaba kila hatua moja. Kile cha René hawakukigusa. Waliacha boriti zikauke vizuri, ndipo wakarudisha mbao.

Asubuhi iliyofuata kitanda cha Koko kilikuwa mahali pake. Nadège akafunga robine, kisha akasikiliza. Kimya.

Koko alisubiri kidogo.

"Aksanti, René," akasema. "Kazi imeisha. Pumuzika."