Mstari Alioruka Kétsia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kétsia aliteka maji kwenye chemchemi, akafagia uwanja, kisha akaitazama simu. Simu ya mama yake ilining'inia kwenye msumari wa mlango, kwa kuwa pale tu, katika nyumba yao ya Kashebere, ndipo mtandao uliposhika. Ilikuwa wiki ya tatu sasa simu ile haijalia. Kétsia aliiogopa, kana kwamba ilikuwa ikimtazama.

Mambo yalianza siku watafiti wa kilimo walipopita wakitafuta mkalimani wa lugha ya Kinyanga. Mama Adelaïde, mama yake Kétsia, alikijua barabara, ila Kifaransa cha mkataba kilimpiga chenga. Akampa bintiye karatasi. Kétsia alikuwa wa kwanza katika mwaka wa sita, na majirani walimsifu mpaka kichwa kikamvimba. Alisoma na kufasiri kwa sauti ya hakimu: kwa miezi miwili mama asifanye kazi nyingine, asitoke mahali penye mtandao, akiitwa aende siku hiyohiyo. Angelipwa kwa kila siku aliyoitwa. Kwenye mstari wa sita akakuta maneno magumu. Majirani waliokusanyika walikuwa wakimtazama. Akauruka.

"Iko vile tu?" mama aliuliza.

"Njo vile, Mama. Imeisha."

Mama akatia sahihi.

Sasa mvua zilikuwa zimeanza na majirani walikuwa wameshapanda. Shamba la akina Kétsia lilikuwa ng'ambo ya kilima, ambako simu haishiki. Mbegu zao za maharagwe zilibaki kapuni, na ukitega sikio uliwasikia fukusi wakizitafuna.

"Dada, utapanda lini?" jirani yao, Mama Pétronille, aliuliza. "Mvua haingojei mutu."

"Nilishatoa neno langu," mama alijibu. "Na wao walitoa lao. Wataniita tu."

Kétsia alikosa raha. Mstari ule ulimfuata kwenye chemchemi, ukamfuata darasani, ukakaa naye hata mbele ya sahani ya ugali. Mwishowe aliunakili, akampelekea mwalimu wake, Théophile. Mwalimu alimweleza polepole: watafiti hawakulazimika kumwita mama hata siku moja, na wangeweza kuuvunja mkataba wakati wowote. Mama alikuwa amefungwa, wao walikuwa huru.

Kétsia alirudi nyumbani. Alimkuta mama ameketi mlangoni, chini ya simu, akichambua mbegu zilizotobolewa.

"Mama, niliruka mustari. Sikuuelewa, nikaona haya kusema." Akaeleza yote huku akilia.

Mama akaziweka mbegu chini. Kisha mama akaitoa simu msumarini, akampigia kiongozi wa watafiti.

"Papa Evode, niko nangojea wiki tatu, na mbegu yangu inaharibika. Kama mimi nimefungwa, na wewe ujifunge: sema siku ya kuniita. Kama hauna siku, uniache niende kwa shamba."

Papa Evode alisema karatasi zote huandikwa hivyo.

"Basi yangu iandikwe ingine," mama alijibu, "ao mutafute mwingine mwenye kujua Kinyanga."

Mwingine hakupatikana. Siku mbili baadaye Papa Evode alifika kwa pikipiki na karatasi mpya: mama angefanya kazi siku nne za mwisho wa kila mwezi, na angelipwa siku hizo hata asipoitwa. Siku nyingine zote zilikuwa zake. Kétsia alisoma, na kwenye mstari wa nne akasimama.

"Neno hili silijui," alisema mbele ya majirani wote.

Papa Evode akalieleza. Mama hakushika kalamu mpaka alipoelewa.

Kesho yake walipanda mbegu zilizosalia, na nusu ya shamba ikabaki tupu. Kétsia hakuweza kuitazama sehemu ile. Mama akanyoosha mgongo na kumshika bega.

"Iangalie, mutoto wangu," alisema. "Kusema 'sijui' ingekuwa haya ya dakika moja. Kunyamaza kwako njo kumekula nusu ya shamba. Kuuliza si ujinga. Na mutu akikupa karatasi yake umusomee, amekupa na maisha yake."