Pijo Lililopewa Jina la Marehemu

Siku Mayaka alipofunga namba mpya kwenye Pijo la marehemu baba yake, kioo cha mbele kilitoka jasho. Alikipangusa kwa mkono, akanusa vidole, akakunja uso. Vilinuka kama mdomo wa mtu aliyeamka bila kupiga mswaki.

Gari hilo lilikuwa limekaa miaka mingi kwenye nyasi nyuma ya nyumba yao, huko Suna. Mayaka alilitengeneza, likakaguliwa, likasajiliwa kama gari la kale. Alitaka kulikodisha kwa maharusi, kuanzia Migori hadi Homa Bay. Na kwa kumheshimu mzee, akaomba namba maalum, ile ambayo mwenye gari huchagua maneno yake mwenyewe. Ikaja imeandikwa ONCHIRI.

"Umeliita gari kwa jina la babako?" mama yake, Nyasuguta, aliuliza. "Na mkeo yuko karibu kuzaa?"

"Mama, hiyo ni namba tu. Si imependeza?"

Nyasuguta alimpa mgongo. Aliingia ndani.

Wiki iliyofuata Mellen, mke wa Mayaka, alijifungua mvulana. Mtoto alilia tangu alipofika nyumbani, akakataa titi. Katika ukoo wao, mtoto mchanga akilia hivyo, huitiwa majina ya wafu wa familia. Akinyamaza au akipiga chafya, basi amepata jina lake. Nyasuguta akampakata mjukuu wake akaanza kuita.

"Motari!"

Mtoto alilia.

"Momanyi!"

Akalia zaidi. Nyasuguta alisita, kisha akaita kwa sauti ndogo, "Onchiri."

Nje, Pijo likapiga chafya.

"Nani ako kwa gari?" Mellen alinong'ona.

"Hakuna mtu," Mayaka alisema. "Betri si hii hapa kwa meza, naichaji."

Kuanzia hapo maziwa ya Mellen yakawa yanapotea. Matiti yalijaa asubuhi mpaka yakauma, lakini kila alipomsogeza mtoto, alisikia kutoka uani sauti ya kufyonza, ya pupa, kama ya mbwa anayelamba sufuria, na papo hapo matiti yakalegea yakawa matupu. Mtoto akakonda. Utosi wake ukabonyea. Kilio chake kikawa kama cha paka aliyefungiwa kwenye gunia.

Siku ya tatu, jua likiwa kali, harufu ya maziwa yaliyochacha ilijaa ua mzima na nzi wakalifunika boneti mpaka rangi yake haikuonekana. Mayaka alifunga pua kwa shati, akainua boneti, akafungua kifuniko cha rejeta, na badala ya maji akaona maziwa, ya moto, ya manjano, yenye utando mnene juu, na chini ya utando huo nywele nyeupe zilizosokotana zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka, kana kwamba kuna kitu kilicholala humo ndani na kinapumua.

Alitapika hapo hapo, juu ya viatu vyake.

"Toa hiyo namba!" Mellen alipiga kelele kutoka mlangoni, mtoto akining'inia mikononi mwake kama kitambaa. "Mayaka, mtoto wangu anakufa! Toa!"

Mayaka alishika bisibisi. Skrubu zilikuwa laini, zilibonyea kama chunusi na kutoa usaha. Alipovuta namba haikuachia kama bati, ilibanduka kama kigaga, polepole, na nyuma yake palibaki nyama nyekundu, mbichi, iliyolowa, ambayo ilitetemeka ilipoguswa na upepo. Pijo likakoroma kwa muda mrefu. Kisha likanyamaza, na pale palipokuwa na nyama pakabaki chuma chenye kutu.

"Mwite sasa, mama," Mellen alisema akilia. "Haraka."

Nyasuguta alimtazama mtoto, akamtazama mwanawe.

"Onchiri," aliita.

Mtoto akapiga chafya. Akafungua mdomo, akalidaka titi, akanyonya mpaka maziwa yakamtoka puani. Mellen alicheka na kulia pamoja. Mayaka naye akaanza utani ambao kila bibi wa kwao hutaniwa mjukuu akirithi jina la babu.

"Haya mama, mume wako amerudi. Si umkaribishe?"

Walimweka mtoto mikononi mwa Nyasuguta. Mtoto alicheua, maziwa ya vuguvugu yakateleza kwenye kiganja cha bibi yake. Halafu akamwangalia usoni, akatabasamu upande mmoja, akanyoosha mkono wake mdogo, akashika sikio la Nyasuguta na kulisokota.

"Ona, anakupenda!" Mellen alisema.

Nyasuguta alisimama wima, sikio likiwaka moto, bila kutoa sauti yoyote. Alikuwa amejifunza hivyo tangu akiwa bibi harusi, kwa sababu mzee Onchiri hakupenda kusikia mtu akilia anapompiga.