Gramu Mia Mbili na Kumi

Ujumbe uliingia saa tano kasoro dakika nane asubuhi.

"Mzee ameanza kuvuta."

Kerttu Vuorela aliufuta, akavuta zipu ya koti hadi kidevuni na kuingia darajani. Baridi ilikuwa digrii kumi na mbili chini ya sifuri. Hatua hamsini mbele yake, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alikuwa akikokota sleji ya watoto, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, juu ya theluji. Mzigo wake, uliofunikwa blanketi jekundu na kukazwa kwa kamba, ulikuwa mdogo kama jiko la mkaa.

Kerttu alijua kilichomo chini ya blanketi. Ilikuwa Macintosh SE ya mwaka 1987, zile kompyuta ambazo kioo na mashine vimo ndani ya sanduku moja.

"Unamwona?" Sauti ya Pulkkinen, mkuu wake aliyekuwa Helsinki, ilimjia sikioni.

"Namwona."

"Anaonekanaje?"

"Kama babu anayepeleka zawadi."

"Ndiyo maana simwamini."

Siku tatu nyuma, idara yao ya usalama ilikuwa imenasa sentensi moja tu kutoka kwa wanunuzi wa siri wa nje ya nchi: *Sikio limo ndani ya sanduku la kizamani la Turku.* Na mjini Turku, sanduku la kizamani lililokuwa likienda mahali penye siri lilikuwa hilohilo. Saa nane mchana lingeunganishwa na mtandao wa ndani wa Aurakari, kampuni iliyokuwa ikichora meli mpya za doria za walinzi wa pwani. Bi Hilkka Ahtola, mchoraji mkuu, alikuwa anastaafu. Meli yake ya kwanza aliichora kwenye kompyuta hiyo, na kampuni ilitaka kumwashia tena mbele ya wenzake.

Aliyekaa nayo kwa wiki nne, akaitoa matumbo na kuitia mapya, ni Veikko Lahdenperä, fundi wa televisheni mstaafu.

Mzee alisimama ghafla. Hakugeuka.

"Binti, umenifuata tangu ng'ambo ya mto. Viatu vyako vinalia kama nguruwe. Kama unataka kuniibia, njoo uibe, mimi baridi inaniua."

Kerttu aliacha kujificha.

Kisha akamsogelea na kumwonyesha kitambulisho ndani ya kiganja. Bastola yake, Glock 17, ilikuwa chini ya kwapa. Alishusha zipu ya koti kidogo ili mzee aione.

Veikko alikisoma kitambulisho taratibu, akairudisha miwani yake mfukoni.

"Usalama wa taifa! Kwa kompyuta yenye umri unaokuzidi?"

"Umeweka nini humo ndani, mzee?"

"Kila mtu anajua nimeweka nini. Tyubu ya picha ilikufa, nikaitoa, nikatia skrini bapa. Bodi ilikuwa imeliwa na asidi ya betri, nikatia Raspberry Pi, ubao mdogo kama kadi ya benki. Nje bibi, ndani mjukuu. Basi."

"Nani mwingine ameigusa?"

"Rautala. Mkuu wa usalama wa mitandao kule Aurakari. Aliichukua Jumatatu, eti aikague isije ikaleta virusi. Akairudisha jana."

"Ikiwa vilevile?"

Mzee aliitazama sleji.

"Leo asubuhi nilipoinyanyua, mkono wangu uliniambia neno. Nikaupuuza. Nikasema ni uzee."

"Anakuzungusha," Pulkkinen alinong'ona sikioni. "Mkamate."

Huenda ni kweli. Kerttu aliwahi kuona wazee wenye nyuso za kimalaika wakiuza nchi nzima huku wakinywa chai. Aliyatazama macho ya mzee, hayakupepesa. Hata hilo halikumpa amani. Mwongo hodari naye hapepesi.

"Uzito wake wa haki ni kiasi gani?" aliuliza.

"Gramu elfu tano mia moja na thelathini. Kila kazi yangu huipima, nikaandika kwa penseli ndani ya kifuniko. Nenda kafungue uone."

"Kwanza tupime."

Soko la ndani lilikuwa hatua mia tatu tu. Walikwenda kwa mama muuza samaki, Veikko akatua kompyuta juu ya mizani, katikati ya samoni na mayai ya samaki.

"We Veikko! Hiyo ni mizani ya samaki, si ya vyuma!"

"Dakika moja, mama. Huyu naye ni samaki, amekaushwa zamani."

Namba zilicheza, zikatulia.

5340.

Gramu mia mbili na kumi zaidi.

Mzee alibadilika rangi.

Nyuma ya kibanda, baina ya masanduku ya barafu, Veikko alichomoa bisibisi ndefu yenye ncha ya nyota. Kompyuta zile haziguswi na bisibisi fupi, skrubu zake mbili zimezama ndani ya shimo la kishikio. Sanduku likaachia kwa mlio mkavu. Ndani ya kifuniko, kwa penseli: 5130.

Kando ya spika kulikuwa na mgeni. Kibao kidogo cheusi, betri bapa, laini ya simu, na waya uliojichomeka kwenye waya wa mtandao.

"Hilo ndilo sikio," Kerttu alisema. "Likiwashwa, kila mchoro wa Aurakari unatoka nje kwa simu."

Lakini Veikko hakuwa akilitazama sikio. Alikuwa akitazama mahali lilipolehemewa, na masharubu yake yalikuwa yamesimama kwa hasira.

"Tazama uchafu huu! Risasi ya kulehemu imemwagwa kama uji wa mtoto. Fundi gani anaacha kazi hivi ndani ya kazi yangu? Na yangu tazama, ile pale. Tazama!"

Kerttu alitazama. Upande mmoja, vitone safi kama shanga. Upande wa pili, mabonge.

Mtu huweza kuigiza machozi. Hasira ya fundi haiigizwi.

"Siyo yeye," alimwambia Pulkkinen.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika wa kutosha." Akamgeukia mzee. "Unaweza kuliacha liwake, lakini lisisikie kitu?"

"Kukata waya mmoja? Hata usingizini."

"Kata. Halafu twende kwenye sherehe."

*

Saa nane kamili. Ghorofa ya pili ya Aurakari ilinukia kahawa na mikate mitamu ya iliki. Bi Hilkka, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe, alisimama mbele ya kompyuta yake ya ujanani, mikono kifuani. Kerttu alijipachika karibu na dirisha, kikombe mkononi, beji ya mgeni shingoni.

Jarkko Rautala alikuwa kijana mtanashati, suti ya kijivu, saa ya Suunto. Alichomeka waya wa mtandao kwa mkono wake mwenyewe.

"Tayari, Bi Hilkka. Subiri kidogo tu nihakikishe."

Akatoa simu. Akaitazama. Uso wake ukakaza.

Akaitazama tena.

"Kuna tatizo?" Bi Hilkka aliuliza.

"Dogo tu. Waya umelegea ndani. Nipeni dakika tano niipeleke ofisini."

Na kutoka mfuko wa ndani wa suti, akachomoa bisibisi ndefu yenye ncha ya nyota.

Kerttu alitua kikombe.

"Bwana Rautala, nani huja na bisibisi kwenye sherehe ya kuagana?"

Rautala alimtazama Kerttu, akamwona Veikko mlangoni, akaelewa.

Birika la kahawa liliruka. Kerttu aliinama, likapasuka ukutani. Alipoinuka, mlango wa ngazi za nje ulikuwa unapigapiga.

Alishuka ngazi tatu tatu.

Rautala alikwisha kufika gatini. Akarukia kwenye mto ulioganda, akakimbia, akateleza, akakimbia. Mbele yake barafu iliishia kwenye mfereji mweusi uliopasuliwa na meli asubuhi ile.

"Simama, Rautala! Hatua moja zaidi utaogelea."

Alisimama. Alitazama maji, akatazama mdomo wa Glock. Kisha akatupa simu.

Iligonga barafu. Ikateleza. Ikazunguka kama pia. Ikatulia ukingoni, nusu juu ya barafu, nusu juu ya maji.

"Piga magoti. Mikono kichwani!"

Alipiga magoti. Pingu zikalia. Barafu chini yao nayo ikalia, mlio mrefu wa kitu kinachotafakari kupasuka.

Kerttu alilala kifudifudi. Kila mtoto wa kule hufundishwa: barafu mbaya haitembelewi, inatambaliwa. Akatambaa. Kiwiko, goti. Kiwiko, goti. Maji yalipanda na kulowesha mikono ya koti lake. Simu ikatikisika.

Akaidaka kwa vidole viwili.

Skrini ilikuwa bado wazi. Majina, tarehe, ahadi za michoro. Yote.

"Nimempata," alisema huku meno yakigongana. "Na simu yake."

"Na michoro?" Pulkkinen aliuliza.

"Haikutoka hata mstari mmoja."

*

Kerttu alipopanda tena kuchukua begi lake, baada ya kumkabidhi Rautala kwa polisi, Bi Hilkka alikuwa amewasha kompyuta. Kwenye kioo kidogo, mstari kwa mstari, meli ya mwaka 1988 ilikuwa inajichora. Hakuna aliyegusa mikate. Bi Hilkka alikuwa analia bila kujificha.

Veikko alimfuata Kerttu hadi kwenye ngazi.

"Niambie kweli, binti. Jina langu lilikuwa kwenye orodha yenu?"

"La kwanza."

"Na la pili?"

"Halikuwepo."

Mzee alitikisa kichwa.

"Basi mlikuwa wavivu."

Kerttu Vuorela alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Akampa mkono, mkono uliolowa na kuanza kuganda, kisha akateremka ngazi bila haraka, akavuka barabara na kwenda zake kituo cha treni.