Amelala Buhehe

Haya yalimpata dada yangu Peninah, nami nilikuwepo, nikimbebea bahasha.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida mjini Tororo. Tulikuwa benki kupeleka karatasi za mkopo wa nyumba. Peninah huuza sufuria Busia, upande wa Kenya, na alikuwa amepata nyumba ndogo ya kununua hapo Tororo. Hakuhitaji nyumba kwa fahari. Alitaka kutoka Buhehe, kwenye boma la mumewe Bwire, aliyempiga muda wote wa ndoa yao na ambaye sasa kaburi lake lilikuwa nyuma ya jiko. Mashemeji walishamwambia kwamba akikosa pa kwenda, mmoja wao atamrithi.

Tulikuwa tumekusanya kila kitu. Kitambulisho. Picha za pasipoti, masikio yaonekane, maana inaelekea mdaiwa sugu hutambulika kwa masikio. Barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba Peninah anajulikana, na barua ya mkuu wa gombolola, yaani tarafa yetu, kuthibitisha kwamba mwenyekiti anajulikana. Nani anamjua mkuu wa gombolola, hatukuulizwa.

Ofisa wa mikopo aliitwa Edwin, mgeni kutoka Mbarara, Kiswahili chake alikiokota hapa mpakani.

"Imebaki idhini ya mume, Madam. Bwana yako ako wapi?"

"Amelala Buhehe."

Kwetu mwanamke hasemi mumewe amekufa kabla matanga ya mwisho hayajafanywa. Husema amelala. Busia nzima huelewa.

"Analala saa hii? Mchana?"

"Mchana na usiku, ofisa."

Edwin akatikisa kichwa. "Pole sana. Hata shemeji yangu anakunywa hivyo."

Tulidhani anatania. Tukacheka, tukaenda zetu.

Siku chache baadaye akatuita. Alikuwa na uso wa mtumishi aliyefanya kazi ya ziada na anasubiri kusifiwa. Alikuwa amepanda boda mwenyewe hadi Buhehe.

"Madam, ulisema analala," akamwambia Peninah. "Nimemkuta ameamka."

Peninah akanigeukia.

"Alikuwa amekaa nyuma ya jiko. Mutu mpole. Amesaini bila maneno." Akasukuma karatasi mbele yetu. "Ila anasema mtahama wote."

Sahihi ilikuwa ya Bwire. Ile B yenye mkia mrefu.

"Nyuma ya jiko hakuna kiti," Peninah akanong'ona. "Kuna kaburi."

Edwin alicheka. Akatutazama. Akaacha kucheka.

"Mume wangu amekufa," Peninah akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo.

Edwin alijifuta shingo. Lakini benki ni benki. "Basi lete cheti cha kifo."

Cheti hatukuwa nacho. Nani Buhehe huandikisha kifo, wakati kila mtu alikula kwenye mazishi? Tukaenda ofisi ya vifo. Karani, mama mnene aliyekatishwa chai yake, alisoma idhini, akaturudishia kwa ncha ya kidole.

"Huyu amesaini juzi. Maiti haisaini. Wewe mama, unataka kumuua bwana yako kwa karatasi?"

Habari zikafika Buhehe kabla yetu. Tulikuta vyombo vya Peninah vimetupwa nje, godoro limepasuliwa. Shemeji yake mkubwa, Okochi, alisimama mlangoni na panga.

"Bwana yako anahama? Mfuate! Hapa usikanyage tena, mchawi wewe!"

Hakuwa na pengine pa kwenda. Akarudi kwa Edwin na ile idhini yenye sahihi ya Bwire. Mkopo ukapita.

Tulienda kuipokea nyumba adhuhuri. Muuzaji aliifunga miezi kadhaa iliyopita, akatuachia funguo benki. Madirisha yana nondo. Mlango ni mmoja.

Ufunguo ulizunguka. Mlango haukufunguka.

Nikausukuma kwa bega. Haukutikisika.

"Komeo," nikasema. "Limefungwa kwa ndani."

Tukamwita fundi wa kuchomelea. Akakata bawaba. Tukaingia.

Hapakuwa na mtu. Komeo lilikuwa mahali pake, limekazwa. Chumba cha mbele kitupu. Fundi alichungulia chumba cha kulala, akarudi nyuma, akaondoka na mashine yake bila kudai chochote.

Sakafuni mwa chumba hicho palikuwa na vumbi zito. Hakuna unyayo. Lakini katikati ya vumbi palikuwa na alama za watu wawili waliolala chali, bega kwa bega.

Mmoja alikuwa mkubwa.

Wa pili alikuwa mdogo. Pale kichwa chake kilipolalia, vumbi lilikuwa na mistari myembamba, ya nywele zilizosukwa kwa kuzunguka, kama ganda la konokono.

Peninah akainua mkono polepole, akavua kitambaa chake cha kichwa.

Alikuwa amesukwa jana yake jioni, mistari ileile ya kuzunguka.